Kujifunza Kuirusha Concorde Mezani

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana. Tunaichapa kwa ombi la waliohudhuria. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo, alidhani nitaeleza habari za ukaguzi wa hesabu, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nilimjibu kwamba watu wakishashiba pilau hawataki kusikia habari za hesabu zisizolingana. Nikamwomba ruhusa nieleze jambo jingine ambalo limenishughulisha tangu niache kazi, nalo ni kujifunza kuirusha ndege ya Concorde. Alinipigia simu siku ile ile kuniuliza kama afya yangu ni njema.

Afya yangu ni njema, ahsanteni. Ndege yenyewe ndiyo haipo tena angani. Wafaransa walisafirisha abiria wao wa mwisho tarehe 31 Mei 2003, Waingereza tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo, na tarehe 26 Novemba ndege ya mwisho ikatua Filton, karibu na Bristol, pale pale zilipoundwa zile za Uingereza. Nyingi ya zilizobaki leo zimo katika makumbusho, watu wanalipa kiingilio na kuzigusa matairi. Ninayoirusha mimi imo ndani ya kompyuta, juu ya meza ambayo zamani mke wangu aliwekea cherehani.

Kwa wale ambao hawana wajukuu, nieleze kidogo. Kuna programu za kompyuta za kuigiza urubani. Ile ya Microsoft ilianza kuuzwa mwaka 1982, na tangu hapo zimeendelea mpaka unauona mji wako mwenyewe kutoka juu, na mabati ya nyumba yanang'aa. Programu hiyo huja na ndege zake, lakini mafundi wengine hutengeneza ndege za nyongeza na kuziuza peke yake, nawe unaipachika ndege hiyo ndani ya programu kubwa kama mtu apachikavyo redio katika gari. Baadhi ya ndege hizo ni za kuchezea tu. Nyingine zimeundwa na watu wasiojua mzaha: kila swichi iliyokuwamo katika chumba cha marubani imo, na kila swichi inafanya kazi. Mjukuu wangu alininunulia moja ya namna hii. Alidhani nitafurahi jioni mbili tatu, kisha nirudi kwenye gazeti langu.

Hakujua habari za mwaka 1976. Nilikuwa kidato cha pili. Tarehe 21 Januari ndege mbili za Concorde ziliondoka kwa wakati mmoja, moja kutoka London kwenda Bahrain, nyingine kutoka Paris kwenda Rio de Janeiro kupitia Dakar, nasi tukaisikia habari hiyo kwenye redio ya mwalimu wa zamu. Kesho yake mwalimu wetu wa fizikia aliacha somo la siku hiyo akachukua rula ya mbao, akailaza juu ya kidole kimoja, na mwisho mmoja wa rula akaweka kifutio. Rula ikaanguka. Akasogeza kidole, rula ikatulia. Akasema kwamba Waingereza na Wafaransa wametumia fedha nyingi sana kwa ajili ya kusogeza kidole kile. Darasa lilicheka. Mimi sikuelewa hata kidogo, nikacheka pamoja na wenzangu.

Imenichukua karibu miaka hamsini kumwelewa.

Ndege hizo ziliundwa 20 tu, na 14 kati yake ndizo zilizobeba abiria. Kwetu Afrika waliozoea kuiona ni watu wa Dakar, na watu wa Gbadolite kule iliyokuwa Zaire, ambako Mobutu alijijengea uwanja wenye njia ndefu ya kutosha kuipokea akawa anaikodi. Mimi sikupata kuiona kwa macho. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya kompyuta mara ya kwanza na kuona pua ile ndefu ikiinama polepole kama korongo anayetafuta samaki, nakiri kwamba nilinyamaza kidogo.

Kisha nikajaribu kuwasha injini. Jioni ya kwanza ilikwisha sijawasha hata moja.

Ndege nyingi za siku hizi zina marubani wawili na kompyuta. Concorde ilikuwa na watu watatu: rubani mkuu, rubani msaidizi, na nyuma yao, upande wa kulia, injinia. Injinia huyo alikuwa na ukuta mzima wa saa, taa na swichi, kutoka usawa wa magoti mpaka juu ya kichwa. Wakati wa kuruka na kutua alisogeza kiti chake mbele akakaa katikati ya marubani; wakati mwingine aligeukia ukuta wake. Mimi niliupitia ukuta ule kwa dharau. Nilijiambia kwamba nimekagua hesabu za mashirika makubwa, sitashindwa na vipimo vya pampu. Programu yenyewe ina injinia wa bandia. Ukibonyeza mahali fulani anaishika kazi yote. Nikamzima. Nilitaka kufanya kila kitu mwenyewe, na mjukuu wangu aliponishauri nimwache nilimwambia kwamba kizazi chao hakipendi kazi.

Kuruka nilijifunza mapema kuliko nilivyotazamia. Ndege ikiwa imejaa ina uzito wa tani 185, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni mafuta, takriban tani 95. Mabawa yake ni ya pembetatu, hayana vile vibao vya kukunjua ambavyo ndege nyingine hutumia ili zielee zikienda polepole. Basi lazima ikimbie. Inaachana na ardhi ikiwa na mwendo wa karibu maili 250 kwa saa. Ili kufikia mwendo huo, injini zake nne za Olympus hazitoshi hivi hivi. Mafuta mengine hunyunyizwa nyuma ya injini na kuwaka humo katika bomba la kutolea moshi. Huo ni moto wa nyongeza. Unanguruma mno, na kwa ajili ya watu wanaokaa karibu na Heathrow ulipaswa kuzimwa kwa sekunde iliyokwisha kupigiwa hesabu kabla ya kuondoka. Rubani alikuwa akiitazama saa. Mimi nilizima mapema mara mbili nikatumbukia katika mashamba, na mara ya tatu nilichelewa, lakini hakuna jirani aliyelalamika isipokuwa mke wangu.

Ukitoka Heathrow kwenda New York unakwenda magharibi juu ya nchi kavu kwa mwendo ulio chini kidogo ya sauti, maana mshindo wa kupita sauti unatikisa madirisha ya watu. Ukifika baharini, nje ya Bristol, unawasha tena moto wa nyongeza, injini mbili za ndani kwanza, kisha mbili za nje, unapanda na kuongeza mwendo. Unavuka Mach 1, yaani mwendo wa sauti wenyewe. Mshale unatikisika kidogo, basi. Unaendelea mpaka Mach 1.7, hapo unazima moto, na ndege inajisukuma yenyewe mpaka Mach 2, takriban maili 1,350 kwa saa, futi 50,000 kwenda juu.

Ndivyo kitabu kinavyosema. Yangu ilikuwa inafika Mach 1.3 na kuinamisha kichwa. Nikivuta fimbo ili pua inyanyuke, vibao vya nyuma ya mabawa vinasimama na kuzuia upepo, mwendo unapungua, mafuta yanateketea. Nilitumbukia katika Bahari ya Atlantiki mara nyingi sana. Niliandika kila ajali katika daftari, kama mkaguzi, na tarehe yake, na daftari halikunisaidia.

Hapa ndipo rula ya mwalimu inapoingia. Ndege ikiwa chini ya mwendo wa sauti, hewa inaibeba mahali fulani pa bawa. Ikipita mwendo wa sauti, mahali hapo panarudi nyuma, kiasi cha futi sita hivi. Kidole kimesogea, ndugu zangu, na rula haijasogea. Lazima pua ianguke. Huwezi kusogeza mabawa, wala huwezi kuwaambia abiria 100 wahamie nyuma na sahani zao. Walichofanya mafundi ni kusogeza mafuta. Concorde ina matangi 13. Kadiri mwendo unavyoongezeka, injinia anavuta mafuta kutoka matangi ya mbele na kuyapeleka nyuma, mengi yakiingia katika tangi nambari 11 lililo mkiani. Takriban tani 20 zinahama hivyo. Kitovu cha uzito, ambacho wakati wa kuruka kipo kwenye asilimia 53.5 ya upana wa bawa kutoka mbele, kinafika asilimia 59 ukiwa Mach 2. Asilimia tano na nusu tu. Katika hesabu za shirika tofauti ya namna hiyo ningeipitisha kwa maelezo mafupi.

Na ukitaka kupunguza mwendo, yote hayo unayafanya kinyume, tena kwa wakati wake. Siku moja nilifanikiwa kufika Mach 2. Nilifurahi mno nikaenda kuswali na kula. Niliporudi, pwani ya Marekani ilikuwa karibu, nikapunguza nguvu kwa haraka nikasahau mafuta yaliyo mkiani. Pua ikanyanyuka. Nikasukuma fimbo mpaka mwisho, pua ikazidi kunyanyuka, na tukaanguka kinyumenyume.

Usiku ule niliona wazi kwamba kazi hii si ya mtu mmoja, na nilimjua mtu mmoja tu katika mji wetu aliyetumia maisha yake yote akihamisha vitu vizito vya majimaji kutoka tangi hadi tangi.

Wengi wenu mnamjua. Amekaa pale, safu ya tatu, na amenipa ruhusa niseme. Tulikaa dawati moja miaka minne. Yeye aliondoka hapa akaenda kusomea uinjinia wa meli, akazunguka dunia. Mwaka 2009 tukakosana kwa ajili ya mkopo. Mmoja wetu alimdhamini mwenzake, mambo yakaharibika, maneno yakasemwa mbele ya watu, na tangu hapo hatukusalimiana. Tulizikiana wazee wetu huku kila mmoja amesimama upande wake wa kaburi. Nani alikuwa na haki, hayo si ya mkutano huu.

Nilishika simu nikaiweka chini mara tatu. Mara ya nne akapokea. Nilikuwa nimetunga maneno ya heshima, lakini yaliyotoka ni haya: "Ndugu yangu, nina matangi kumi na matatu na sijui kuyapanga."

Kimya. Kisha akasema, "Umeanza kuuza mafuta ya taa?"

Nikamweleza. Akauliza, "Pampu ngapi? Na matangi yameungana vipi?" Sikujua. Akakohoa kwa dharau kubwa, nikajua kwamba atakuja.

Alikuja Jumamosi na chupa yake ya chai, penseli, na daftari la mistari. Hakuigusa kompyuta kwa saa mbili. Alichora matangi yote 13 kwenye karatasi, mabomba yake na pampu zake, akiniuliza nambari na mimi nikimsomea. Alinieleza kwamba katika meli vilevile kuna matangi ya maji ya kuisawazisha, na kwamba injinia mjinga ni yule anayehamisha maji baada ya meli kuinama. Mwenye akili anahamisha akijua meli itainama lini. Tena aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Tatizo lako, bwana, unataka kutazama dirishani na kutazama matangi. Wewe tazama dirishani. Matangi niachie mimi, na nikikwambia ngoja, ungoje."

Kungoja ndiko kulikonishinda. Yeye akihesabu tani kwa sauti, mimi mkono wangu uko kwenye nyenzo nne za nguvu, nataka kwenda. "Ngoja." Mach 1.1. "Ngoja, tangi la mbele halijapungua." Nikangoja. "Haya, nenda." Na ile ndege, ndugu zangu, haikuinamisha kichwa. Ilipita 1.3, ikapita 1.5, tulipofika 1.7 nikazima moto wa nyongeza, ikaendelea kupanda kimya mpaka Mach 2, fimbo imelegea kabisa mkononi mwangu, kama ile rula juu ya kidole.

Watu husifu mwendo wake tu, kwamba uliondoka London saa nne na nusu asubuhi ukafika New York kabla ya saa nne kwa saa za huko. Mimi nastaajabia zaidi mambo madogo. Ndani ya mdomo wa kila injini kuna vibao vinavyosogea vyenyewe ili kuupunguza upepo, maana injini haiwezi kumeza hewa inayokuja kwa Mach 2. Inafika kwenye injini ikiwa chini ya nusu ya mwendo wa sauti, na safari hiyo yote ya hewa ni ya meta chache tu. Na ndege ilikuwa inapata moto. Ncha ya pua ilifika sentigredi 127, na hiyo ndiyo iliyokuwa mipaka ya mwendo. Bati likipata moto linatanuka, kwa hiyo ndege ilirefuka njiani. Karibu na ukuta wa injinia palifunguka ufa unaoweza kupitisha mkono, nao ulijifunga ndege ilipopoa. Katika safari za mwisho za mwaka 2003 wako mainjinia waliochomeka kofia zao katika ufa huo wakiwa angani, wakaziacha zibanwe humo. Mwenzangu aliposikia habari hiyo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Sitaki mdhani kwamba tunaifanyia mzaha ndege hii. Tarehe 25 Julai 2000 moja yake, ilipokuwa inaondoka Paris, ilikanyaga kipande cha bati, tairi likapasuka, tangi likatoboka na moto ukawaka. Watu 109 waliokuwamo walikufa, na wengine wanne chini, Gonesse. Programu inakuruhusu kujaribu hitilafu za kila namna. Hiyo hatuijaribu.

Ukishafika juu una karibu saa mbili ambazo hakuna kazi kubwa. Ndege inapanda polepole yenyewe kadiri mafuta yanavyopungua, tani zaidi ya 20 kila saa, na juu pale mbingu ni ya buluu nzito karibu nyeusi. Injinia anatazama vipimo, rubani anatazama mbele. Watu wawili wazima wamekaa kimya katika chumba kidogo, wala hakuna anayeweza kuondoka kwa sababu mwenzake anamhitaji. Tulizungumza habari za ule mkopo tukiwa futi 56,000 juu ya Atlantiki. Yaliyosemwa yalibaki huko huko. Nitasema tu kwamba tulichelewa kidogo kuanza kurudisha mafuta mbele, na kosa hilo ni lake, ameliandika mwenyewe katika daftari.

Kutua ni balaa la aina yake. Mabawa yale yanabeba ndege ikiwa imenyanyua pua, kiasi cha digrii 11, hata rubani haoni njia. Ndiyo maana pua inainamishwa digrii 12 na nusu. Ukipunguza mwendo kupita kiasi, upepo unaizuia zaidi, kwa hiyo unahitaji nguvu zaidi ili uende polepole zaidi. Hilo halimo katika akili ya mwendesha gari. Mara kadhaa nilitua kwa mkia kwanza. Siku hizi mwenzangu anasogea karibu na bega langu kama mainjinia wa kweli walivyofanya, anasoma futi zilizobaki kwa sauti: hamsini, arobaini, thelathini. Sauti yake ni ile ile iliyokuwa inanisomea majibu ya hesabu chini ya dawati, walimu wetu watanisamehe.

Tumekwisha kufika New York mara sita. Mara ya saba tulikuwa tumebakiwa na maili 90 umeme ukakatika mtaa mzima. Tulikaa gizani tukimaliza chai, naye akasema kwamba kwa hesabu yake kitovu cha uzito kilikuwa mahali pake kabisa.

Sasa nifike kwenye ombi langu, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, bado ki wazi. Kazi yake ni kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti bila kuruka mstari, na kuitazama saa wakati wa kuzima moto. Tunaruka kila Jumamosi baada ya adhuhuri, umeme ukiwapo. Anayetaka aonane na mmoja wetu kabla ya kuondoka leo, na siku hiyo aje na miwani yake ya kusomea, maana maandishi ni madogo mno na ya kwangu haiazimwi.